Jicho la Mzee Yunus

Kwa miaka thelathini na moja, waumini wa msikiti mmoja mdogo wa Miembeni walisherehekea Idi kwa jicho la Mzee Yunus. Redio zilitangaza mwezi wao, simu zikatangaza wao, lakini waumini hao walimsubiri fundi baiskeli huyo ateremke mlimani na kusema mwezi umeandama. Hakuwa na cheo kingine chochote duniani, na hiki alikionea fahari waziwazi.

Binti yake, Shamsia, alifundisha fizikia sekondari. Asubuhi ya ishirini na tisa Ramadhani alimwambia, "Baba, leo usijichoshe. Mwezi unapita karibu na Jua saa tisa mchana. Upande wake unaomulikwa utakuwa umetupa kisogo, na Jua likizama, nao utazama dakika chache tu baadaye. Hakuna atakayeuona."

"Huo ni mwezi wenu wa ubaoni," alijibu mzee. "Mimi naangalia wa Mungu."

Shamsia akacheka. Jioni wakapanda pamoja, kama walivyofanya kila mwaka tangu akiwa mtoto wa kushikwa mkono.

Walisimama na wazee wengine watano, ziwa likiwa mgongoni mwao, wakitazama magharibi. Jua likazama nyuma ya vilima, wakafuturu kwa tende na maji. Shamsia alitazama kwa adabu tu, maana alijua hakuna kitu. Upepo ulikuwa umeanza kuwa wa baridi na baba yake alikuwa na kikohozi, kwa hiyo akamvuta mkono wa kanzu ili waanze kuondoka.

Mzee Yunus akanyoosha kidole. "Allahu Akbar. Ule pale."

Wazee wakakaza macho. Sheikh Hussein, aliyekuwa na simu mkononi tayari kuwajulisha watu, hakuona kitu. Ikambidi aulize swali ambalo kila shahidi wa mwezi huulizwa. "Pembe zake zimeelekea wapi, Mzee Yunus?"

Mzee, asiyezoea kutiliwa shaka, alibabaika, akatamka la kwanza lililomjia mdomoni. "Kulia."

Huku kwetu, karibu na ikweta, mwezi mchanga hulala chali na pembe zake hutazama juu, kwa sababu Jua linaloumulika liko chini yake. Huhitaji kusoma fizikia kulijua hilo. Linajulikana hata na watoto.

Sheikh hakutaka kumwaibisha mtu mzima. Akamgeukia binti. "Mwalimu, mlikuwa bega kwa bega. Umeuona?"

Angeweza kusema alikuwa akifunga kiatu. Lakini kesho watu wangekula mchana, siku ya funga, na yeye akijua.

"Sikuuona, Sheikh," alisema. "Wala leo hauwezi kuonekana."

Maneno hayo ya mwisho hakuna aliyemwomba, na aliyajutia kabla hajafunga mdomo. Mzee Yunus aliteremsha kidole polepole. Sheikh akasema basi, tutakamilisha thelathini, na wazee wakaanza kushuka bila kumtazama Yunus, kila mmoja akijitia kupangusa kanzu yake.

Baba na binti wakawa wa mwisho. Mwanga ulikuwa bado wa kutosha. Njiani palikuwa na pikipiki imeegeshwa, kubwa, nyekundu, na Mzee Yunus akaiendea moja kwa moja mpaka goti likagonga chuma.

Shamsia akasimama. "Baba, huoni?"

"Naona mwanga. Watu siwaoni."

"Tangu lini?"

"Mwaka juzi."

Mwaka juzi alitangaza yeye, na mwaka jana pia, na mwezi ulikuwepo kweli. Watu wote waliuona na hapakuwa na maswali. Shamsia alitaka kuuliza aliwezaje, ila mzee alimtangulia.

"Wewe huwa unauona kwanza, mwana wange. Tangu utotoni ukiuona hujizuii, unanivuta mkono wa kanzu. Nami ndipo nasema." Akakohoa. "Leo uliponivuta, nikajua hesabu zako zimekosea. Nikasema moyoni, mtoto ameuona."

Shamsia alilia palepale njiani, kwa sauti, kama aliyefiwa. Baba yake akanyoosha mkono kumfuta machozi, akalikosa shavu, akapapasa hewa mpaka alipolipata.