Emolument ya Bibi Unga

Je, wewe ungefanyaje ukikuta kazini kwako, ukutani, karatasi yenye jina lako na neno la Kiingereza usilolijua? Bibi Unga aliibandua, akaikunja mara nne, akaitia kifuani.

Miaka kumi na tisa alikuwa akisaga mahindi kwenye mashine ya shemeji yake, amesimama asubuhi hadi jioni, nyusi nyeupe pe. Hakutaka makubwa. Alitaka kiti tu, akae mahindi yakiteremka. Lakini kumwomba shemeji! Mtaka cha uvunguni sharti ainame, na magoti yake yalishakataa kuinama.

Karatasi ilisema kuanzia wiki hii Bibi Unga atapata "emolument".

"Hiyo dawa ya kuchua," alisema fundi cherehani wa jirani. "Hata harufu yake naijua."

"Dawa gani! Ni cheo," mkewe akadakia. "Shikamoo, mheshimiwa!"

Jioni, mjukuu wake aliye mwalimu alifungua kamusi nene juu ya meza ya jikoni.

"Ni malipo ya kazi, Bibi, neno la wakubwa wa maofisini. Ila ngoja... limetoka Kilatini, kwenye neno la kusaga. Wataalamu wanadhani hapo kale ulikuwa ujira wa mtu wa kusaga nafaka."

"Mtu kama mimi?"

"Kama wewe."

Bibi Unga alicheka mpaka kilemba kikamwaga unga mezani. "Kumbe wakubwa wa maofisini wanaringa na neno la mashineni kwetu!"

Alilala anacheka. Asubuhi akapita kwa fundi anacheka, akaingia mashineni anacheka, magoti yamesahau kuuma.

"Shemeji! Hii emolument yako ni kitu gani hasa?"

Shemeji akajikuna kisogo. "Kusema kweli, shemeji, niliiona kwenye barua ya wakubwa, nikaipenda. Nikajua ni kitu cha kumpa mtu aliyefanya kazi. Nikasema, nani kama wewe? Hicho kitu chenyewe ndiyo bado nakifikiria."

"Umebandika kabla ya kujua?"

"Nilitumaini hutauliza!"

Wateja wakaangua kicheko, mmoja ndoo ikamponyoka. Bibi Unga akafuta machozi, uso ukabaki na michirizi miwili.

"Basi usijisumbue. Neno lilianza na mtu wa kusaga, mwache mtu wa kusaga aseme." Akavuta pumzi. "Nataka kiti, shemeji. Na kiwe na pa kuegemea."