Deraya ya Godoro

Kisu kilizama ndani ya godoro bila sauti, na hilo likaniudhi. Nilitaka kusikia kitu kikichanika, kikilalamika hata kidogo. Mfuko nilishauvua, na sponji haina tabia hiyo. Inafumbuka taratibu kama mdomo wa mtu aliyelala, inakuonyesha umanjano wake wa ndani, basi. Ilikuwa alasiri, madirisha yako wazi, nami bado nilikuwa na sare ya kazini yenye vumbi la plasta kwenye pindo. Nikavuta kisu kutoka upande wake wa kitanda hadi upande wangu, nikarudi, nikavuta tena.

Godoro lenyewe alikuwa amelitaka. Siku tano kabla, mume wangu aliniandikia ujumbe wa mistari miwili: nguo zake nimpe yeyote anayezihitaji, lakini godoro angelifuata Jumamosi ya mwisho wa mwezi, asubuhi, kwa sababu mgongo wake haujapata usingizi tangu ahame. Mgongo wake. Niliusoma ujumbe ule nikiwa kwenye foleni ya chai hospitalini, na mwenzangu aliyekuwa nyuma akaniuliza kama nina homa.

Alikuwa amehamia kwa mpiga picha wake. Mume wangu alikuwa mchoraji wa mabango, lakini sifa zake mjini zilitoka kwingine. Kila mwaka, kwenye maonyesho ya mavazi ya mashujaa wa katuni, alipanda jukwaani amevaa deraya ya vita aliyoitengeneza kwa sponji ngumu, kuanzia kofia hadi viatu, na watu wakaapa kwamba ni chuma. Wenzake walimwita Jenerali. Miaka minane Jenerali alifanyia kazi zake sebuleni kwetu, na miaka minane mimi nilikuwa na kazi moja. Akishapaka gundi na kuunganisha vipande viwili, aliniita. "Shika hapa." Nikashika. Nusu saa, pengine zaidi, mpaka vidole vikafa ganzi, huku yeye akikata kipande kingine na kunisimulia habari za kazini. Kisu sikuruhusiwa kukigusa.

Siku aliyoondoka alisimama mlangoni, begi begani, akanieleza sababu kwa upole, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia.

"Mwenzangu wa sasa anaanzisha vitu," alisema. "Wewe unashika tu."

Basi nikaamua kuanzisha. Maonyesho ya mwaka ule yaliangukia Jumamosi ileile ya godoro, mchana. Nikajiandikisha katika kundi la wanaoanza, nikapewa nambari arobaini na moja. Mpango wangu ulikuwa mfupi: asubuhi aje akute kitanda kitupu, na mchana anikute jukwaani nimelivaa godoro lake mbele ya wote wanaomwita Jenerali.

Sponji ya godoro, hata hivyo, haikuwa na habari na kisasi changu. Ilikunywa gundi yote niliyoipaka, ikanywa rangi, na bamba la kifua nililolikata likasimama kwa sekunde mbili kisha likainama mbele kama mtu anayeomba radhi. Nikalikwapua, nikashuka nalo hadi kwa fundi viatu mwenye kibanda chini ya ngazi za jengo letu. Alikuwa mwanamke wa umri wangu, mwembamba, mkavu wa maneno, ambaye kila mtu alimwita Soli.

"Hii ni ya kulalia," alisema, akilibonyeza bamba langu. "Wewe unataka ya kukanyagia." Akachomoa nyuma yake shiti nyeusi, ngumu kidogo, ileile anayokatia soli za ndala. "Unaifanyia nini?"

"Vita."

"Na nani?"

"Mume wangu."

Akairudisha ile shiti, akachomoa nyingine. "Basi chukua ya sentimita moja. Ile nyembamba haitatosha."

Kujipima sikuhitaji kufundishwa na mtu. Kazi yangu ni chumba cha plasta: nafunga miguu na mikono iliyovunjika, najua mwili unapojaa na unapokonda, najua ukikaza sana damu haipiti. Nilijizungushia nailoni kiwiliwili kizima, nikaipitishia selotepu, nikachora mistari juu yake mbele ya kioo, nikajikata kutoka ndani kama mtu anayejimenya. Mistari ile ndiyo ikawa vipande vya kukatia. Hapo ndipo ujuzi wangu ulipokoma. Nilikata mabega mawili, yote ya kushoto, kwa kuwa nilisahau kugeuza karatasi. Nilipasha bamba moja la paja moto kupita kiasi, likakunjamana na kunuka kama tairi. Nilijikata kidole gumba, nikajifunga bandeji mwenyewe, vizuri sana, nikaendelea.

Hasira yangu ilikuwa na utaratibu. Nikikata bamba la mkono, nilimkumbuka akinionya nisiguse kisu. Nikipindisha kipande cha shingo juu ya moto, niliiona shingo yake, na nakiri kwamba nilikaza vidole. Jioni nikirudi kutoka kazini nilipanda ngazi mbili mbili, kwa hamu ya kwenda kumchukia.

Kisha siku moja, kibandani kwa Soli, nikaunganisha vipande viwili vya ubavuni. Nilikuwa nimepaka gundi kila upande na kusubiri ikauke kidogo, kama alivyonielekeza. Nikavibana pamoja, nikatulia, nikabaki nimevishika.

Soli alimaliza kushona kiatu kizima. Akaniangalia. "Umeshika nini?"

"Nasubiri ishike."

"Imeshashika."

"Bado. Ni nusu saa."

"Nusu saa ya nani? Gundi hii ikigusana imeshikana, hata uje na jeki. Achia."

Nikaachia. Hakuna kilichoanguka. Nikavuta kwa nguvu zangu zote, na ile sponji ikatanuka pembeni lakini kiungo hakikuachia hata unyoya. Soli alirudi kwenye viatu vyake. Mimi nilikaa pale nikitazama mikono yangu, nikijaribu kuhesabu ni jioni ngapi nilishika bure, na hesabu ikanishinda.

Imepita miaka sita sasa. Nina deraya nne, na moja imewahi kupigiwa makofi watu wakiwa wamesimama. Vijana wakiniuliza nilianzaje, huwaambia kwamba niliona video kwenye simu nikavutiwa. Wanaandika. Sijawahi kumwambia mtu kwamba wiki zile mbili za mwisho sikuwa natengeneza vazi. Nilikuwa natengeneza mahali pa kusimama nimuulize swali moja.

Godoro sikulitupa. Nililipasua vipande vyembamba, nikavibandika upande wa ndani ili shiti zisinichubue ngozi. Nikapaka gundi nyeupe ya mbao nje, tabaka tano, kisha rangi nyeusi, kisha ya fedha nikaisugua kwa kitambaa. Jumamosi asubuhi nilijifunga mikanda yote isipokuwa miwili ya mgongoni, nikavaa kofia, nikasimama katikati ya sebule kusubiri.

Mlango ulipogongwa, hakuwa yeye. Alikuwa mama mkwe, na nyuma yake wifi yangu mdogo, ameshika kamba.

Mama mkwe alinitazama kuanzia kofia hadi magoti, akapanda tena. "Mkwe wangu, ni wewe?"

"Ni mimi, mama. Shikamoo. Karibuni ndani."

"Marahaba." Hakuingia. "Tumetumwa godoro."

"Nimelivaa."

Wifi akageukia ukuta, mabega yakimtikisika. Mama mkwe alinyoosha kidole, akanigonga kifuani mara mbili, kama mtu anayebisha hodi. "Lote?"

"Lililobaki lipo kwenye viroba viwili pale. Na mfuko wa godoro nimeufua, nimeupiga pasi."

Alivitazama viroba kwa muda. Mama yule hakuwahi kunikosea, na nilipomwona akiweka mkoba wake begani ili apate mikono ya kubebea, hasira yangu ilitafuta pa kukaa ikakosa.

"Mbona hakuja mwenyewe?" niliuliza.

"Yuko chini," wifi alisema, bado akiutazama ukuta. "Kwenye pikapu."

Nilishuka ghorofa tatu kiubavuubavu kama kaa, kwa kuwa sikuweza kuona miguu yangu. Majirani walifungua milango. Pale chini pikapu ilikuwa imeegeshwa mbele ya kibanda cha Soli, na nyuma yake, chini ya turubai, deraya ya Jenerali ilikuwa imelala tayari kwa maonyesho. Yeye alikuwa ameshika usukani. Aliponiona akashuka.

Hakunitazama usoni. Alitazama kiungo cha ubavuni, kile nilichokibana kibandani kwa Soli, akakisogelea, akapitisha kidole kutoka kwapani hadi kiunoni. Nilimjua mtu yule. Alikuwa anatafuta kosa na halikuwepo.

"Nani amekutengenezea?"

"Mimi."

Akamgeukia Soli. Soli akatikisa kichwa. "Mimi shughuli yangu viatu."

Nilikuwa nimeandaa maneno mengi. Niliyafanyia mazoezi mbele ya kioo, mengine yalikuwa na vina. Yote yakanikimbia, likabaki lile moja.

"Gundi inashika yenyewe," nilisema. "Ulikuwa unajua?"

Mama mkwe alikuwa amefika ngazi ya mwisho na kiroba chake, naye akasimama.

"Nilikuwa najua."

"Tangu lini?"

"Tangu mwanzo."

"Sasa miaka minane ulikuwa unanishikisha nini?"

Aliangalia mikono yangu. Sijui kama aliona ile bandeji. Aliposema, alisema kwa sauti ya chini, bila kujitetea, na ndiyo maana nilimwamini.

"Ukishika, ulikuwa unakaa. Ukiachia, ulikuwa unakwenda jikoni, unafunga mlango, hutoki mpaka asubuhi. Nilipenda ukae."

Kuhusu jikoni alisema kweli. Hilo ndilo lililonichoma. Nilikuja na vita yangu nzima, ya sentimita moja, na mtu huyu akanipa kitu kilichokaribia kuwa upendo, mbele ya mama yake, kando ya gari lenye injini inayonguruma. Miaka minane alikuwa nalo neno lile mdomoni, akachagua kuniambia shika hapa. Mpiga picha nilishamsamehe. Godoro nililisahau. Neno lile sijalisamehe mpaka leo.

Mume wangu alipakia kiroba kimoja nyuma, kingine mama mkwe akakipakata mbele, kidevu chake kikitokeza juu. Wifi alinipungia mkono. Wakaondoka, na majirani wakafunga milango yao mmoja mmoja.

Soli aliweka chini kiatu cha mteja. Akaja nyuma yangu, akanifunga ile mikanda miwili ya mgongoni ambayo mikono yangu haikuifikia, kisha akazunguka mbele.

"Imekubana wapi?" aliuliza.

"Kwapani," nilimwambia.

Akanitaka niinue mkono. Alinoa kisu chake kwenye jiwe mara tatu nne, akapunguza kidogo kulia, kidogo kushoto, akarudi nyuma kutazama, hakupenda, akapunguza tena. Kisha akaufuta mkono wake kwenye aproni na kuniambia saa inakwenda.

Ukumbi wa maonyesho haukuwa mbali, na ndani ya deraya ile mtu hawezi kukaa kwenye teksi. Nikaenda kwa miguu.