Tundu Lisilo Lake

Ukweni walimwita Fundi Bingwa, ingawa alikuwa mpima ardhi tu aliyependa kufungua kompyuta za watu. Sifa zilimkolea, akaanza kuziamini.

Asubuhi hiyo mkewe, mchoraji wa ramani za nyumba, aliwasha kompyuta yake sebuleni. Feni ikavuma, taa ikawaka, lakini kioo kikabaki cheusi tititi, kimeandika: hakuna mawimbi. Na mteja alikuwa anakuja mchana kuona mchoro wake.

Fundi Bingwa akafika na bisibisi, kifua mbele. Akazima, akawasha. Akabadilisha waya wa kioo, akipapasa nyuma ya kasha la kompyuta bila kuchungulia. Giza lilelile. Jasho likamtoka. Ndipo jicho lake likamwangukia mama mkwe, aliyekuja kumsaidia binti yake kulea kichanga, amesimama mlangoni na kitambaa cha vumbi.

"Mama, ulifuta huku nyuma?"

"Nilifuta jana, baba. Vumbi lilikuwa limejaa."

"Kwa kitambaa kibichi?"

"Kilikuwa na unyevu kidogo."

"Basi ndiyo hiyo! Umeunguza kadi ya picha. Hivi vitu si masufuria, mama!"

Mama mkwe akakunja kitambaa mpaka kikaenea kiganjani. "Nisamehe, baba. Sikujua." Akaingia chumbani, na punde ikasikika zipu ya begi.

Fundi Bingwa akachomoa nyaya, akafungua kasha. Kadi ilikuwa kavu, safi, haina hata harufu ya kuungua. Akaitoa, akaipuliza, akairudisha. Alipogeuza kasha kurudisha waya wa kioo, mkono ukamfia hewani. Muda wote alikuwa akiuchomeka kwenye tundu la juu, la kompyuta yenyewe, lisilotoa picha, badala ya la chini, la kwenye kadi. Akakumbuka: jana jioni alivuta meza kutafuta chaja ya simu iliyodondoka, waya ukachomoka, naye akaurudisha kwa kubahatisha.

Akauchomeka chini. Kioo kikawaka, nyumba ya mteja ikatokea na madirisha yake yote.

"Afadhali!" mkewe akashusha pumzi. "Ilikuwa nini?"

"Mambo ya ndani tu," akajibu, macho sakafuni.

Mama mkwe akatoka na begi. Kuona mwanga kwenye kioo, uso ukamkunjuka. "Ahsante, baba. Umeniondolea aibu."

Maneno hayo yalimchoma kuliko matusi. Akamfuata mpaka barazani, akamweleza kwa sauti ya chini habari ya meza, ya chaja, na ya tundu.

Mama mkwe akamsikiliza mpaka mwisho. "Kunifokea ulinifokea mbele ya mwanangu," akasema. "Haya ya sasa unaninong'oneza mlangoni?"

Akarudi sebuleni, akasimama mbele ya mkewe kama mtoto aliyevunja chungu, akarudia yote, na uongo wa mambo ya ndani akautaja pia. Mkewe hakugeuka kumtazama. "Mpokee mama begi," akasema, akaendelea kuchora.

Alilipokea. Mteja alikuja, akapendezwa, akaondoka. Mama mkwe alibaki, akampakata mjukuu, akaongea na kila mtu kama kawaida, hata na yeye. Alipomkaribisha chai kwa upole uleule wa siku zote, Fundi Bingwa alikunywa amesimama jikoni, peke yake.