Neno Lisilo na Wino

Mtaa mzima ulimwita Mama Samahani, na jina hilo hakulipata kwa unyenyekevu. Alilipata kwa sababu alitengeneza kadi za kuomba radhi, kwa mkono, moja moja, katika chumba chake cha mbele chenye meza mbili na dirisha la kutazama barabarani. Yeye mwenyewe, kwa miaka yote tuliyomjua, neno hilo halikuwahi kumtoka kinywani. Ukimkanyaga, unaomba radhi. Akikukanyaga yeye, bado unaomba wewe, maana ulisimama vibaya.

Lakini kazi aliijua, tusimnyime haki yake. Stensili alizikata kwa wembe kwenye filamu kuukuu za eksirei, tena za goti la mumewe. Wino aliugongagonga kwa kipande cha sponji, taratibu, usije ukapenya chini ya ukingo na kuliharibu ua. Kwa wateja wanaotaka makuu, alinyunyiza unga wa dhahabu juu ya wino mbichi, akakung'uta uliozidi, kisha akaupuliza kwa mashine ya hewa ya moto ya mumewe, ambaye ni fundi umeme, mpaka unga ukayeyuka na herufi zikavimba juu ya karatasi. Dereva mmoja alikuwa akinunua hiyo ya dhahabu kila mwisho wa mwezi. Mkewe sasa ana kadi kumi na nne ukutani na mume yule yule.

Maneno ya ndani aliwatungia bure. Mtu mzima anaingia pale anajikuna kichwa, hajui aanzie wapi, na Mama Samahani anamtazama juu ya miwani na kumwelekeza: usijitetee, usitie "lakini", taja ulichokosa kisha nyamaza. Ushauri mzuri kabisa. Laiti angekuwa anausikia na yeye.

Maana yeye na mdogo wake wa tumbo moja, fundi cherehani, walikuwa hawasemezani mwaka wa tatu. Kisa ni gauni. Binti wa Mama Samahani alikuwa anahitimu chuo, na mama yake mdogo akamshonea gauni la siku hiyo, kalihangaikia wiki nzima. Likaletwa sebule imejaa wageni. Mama Samahani akaona kama mkono mmoja unazidi mwingine. Mwingine angekaa kimya. Yeye akaenda kuchukua rula yake ya chuma, akalitandaza gauni mezani na kulipima mbele za watu. Nusu sentimita. Akaitangaza kabisa, kama mtu anayesoma matokeo ya mtihani. Mdogo wake akachukua mkoba wake, akaondoka bila kunywa hata maji.

Na rula haikudanganya, ndiyo balaa lenyewe. Kila moyo wake ulipotaka kulegea, Mama Samahani aliikumbuka ile nusu sentimita na shingo ikakaza upya.

Basi wiki hiyo mumewe akaja na habari kwamba mume wa yule fundi cherehani amehamishwa kazi, mbali, safari ya siku mbili, na Jumamosi asubuhi wanaondoka na cherehani na kila kitu. Mama Samahani akasema safari njema kwao, akaendelea kugonga sponji. Ua lililotoka lilikuwa limevuja wino pande zote, jambo ambalo halijamtokea tangu aanze kazi. Alimtaka mdogo wake, jamani. Ila alikuwa amejiapia kwamba mdogo ndiye atakayeanza kuja, piga ua.

Akatafuta njia ya katikati, na akaipata mezani kwake. Iko namna ya kunyanyua herufi bila wino wala unga. Unaweka stensili juu ya kioo chenye taa chini yake, unalaza karatasi juu, kisha unaufuata mwanga kwa kalamu ya chuma yenye ncha butu, ukikandamiza. Ukiigeuza karatasi unakuta neno limevimba, jeupe juu ya jeupe. Halisomeki mpaka uliinamishe penye mwanga, au ulipapase.

Nje akaweka maua ya bluu na SAFARI NJEMA ya wino wa kawaida. Dhahabu hakutia, isije ikaonekana anabembeleza. Ndani, kwenye ukurasa ulioachwa mweupe, akakandamiza neno moja tu: NISAMEHE. Mdogo wake akiliona, vyema. Asipoliona, hakuna aliyesema kitu. Na akiliona kisha akaanza kuringa, basi ni karatasi tu imejikunja njiani. Yaani ameomba radhi na hajaomba. Alijipongeza sana kwa hilo. Neno hilo moja lilimlia siku tatu na karatasi tisa.

Ijumaa akamtuma mumewe aipeleke. Alasiri mume akarudi, akavua viatu polepole mpaka mkewe akataka kumsaidia. Shemeji amesema asante, alieleza, maua kayapenda. Ila karatasi kwa ndani ilikuwa na vijikunjo, huenda ilikaliwa, kwa hiyo ameinyunyizia maji kidogo, akatandika kitambaa, akaipiga pasi.

"Imenyooka kweli kweli," alisema mume.

Mama Samahani akakaa. Fundi cherehani huyo, mtu wa kupiga pasi mpaka vitambaa vya kufutia vumbi, angefanya nini kingine? Mumewe akauliza kama kuna tatizo, akajibiwa hakuna. Lakini chakula hakukigusa, na Jumamosi kulipokucha alikaa mbele ya kioo chake na taa yake, akashika kalamu ya chuma, akaiweka chini. Muda wa kadi nyingine haukuwepo. Akatoka vile vile, aproni kiunoni, vidole vina wino wa bluu.

Kwa mdogo wake vyumba vilikuwa vitupu, na lori mlangoni limeshapakiwa nusu. Cherehani imeviringishwa kwa mashuka. Meza ya kupigia pasi ndiyo iliyobaki, na pasi juu yake, na mdogo wake akinyoosha pazia la mwisho. Walisalimiana kwa kutazama sakafu. Mama Samahani akaomba kuiona kadi. Akapewa. Akaupitisha ukurasa wa ndani kwenye mwanga wa dirisha, akaupapasa kwa kidole, mara mbili. Hakuna kitu.

"Hapa palikuwa na neno," alisema.

"Neno gani, dada?"

Yeye aliyewatungia watu mamia, mdomo ukawa mzito. Alianza na hali ya hewa, akahamia kwenye ubovu wa barabara. Akasema "lakini" mara tatu, zote tatu akazimeza. Mdogo wake akaendelea na pazia, hakumsaidia hata kidogo.

"Nisamehe," alisema hatimaye, na machozi yakamtoka. "Wewe ulishona kwa mapenzi, mimi nikaleta rula."

Mdogo wake akasimamisha pasi. Akajifuta uso kwa ncha ya lile pazia.

"Mwanao ana bega moja limeshuka," alisema. "Tangu mdogo. Ile nusu sentimita niliiongeza makusudi. Angelivaa, mikono ingelingana."

Mama Samahani akakaa juu ya boksi. Bega lile amelipiga picha miaka ishirini na tatu, na hajawahi kuliona.

"Mbona hukusema?"

"Ulikuwa umeshika rula."

Nje dereva wa lori akapiga honi. Mdogo wake akachomoa waya wa pasi, akaichukua kadi na kuifutika ndani ya blauzi, upande wa moyo.

"Na neno lako nililiona, dada. Kwa vidole hivi mimi nausoma mshono nikiwa nimefumba macho. Nililisoma kabla sijawasha pasi."

"Sasa kwa nini ukalipiga pasi?"

"Nilitaka kulisikia."

Mama Samahani akainuka. Akaishika pasi, ingali ya moto, akaibeba mwenyewe mpaka kwenye lori.