Viatu vya Mwalimu Mkuu

"Futa hiyo habari sasa hivi, Tuulikki!" alifoka Urho, mwalimu mkuu, akiwa amesimama na viatu vya matope juu ya zulia la maktaba. Venla wa darasa la tano alikuwa ameandika kwenye blogu ya shule kwamba wote huvua viatu mlangoni, isipokuwa mwalimu mkuu.

Tuulikki, mkutubi, hakutikisika. Alipokuwa mwanafunzi papa hapa, bango lake lilichanwa ukutani, na hajamsahau aliyelichana wala waliocheka.

"Sifuti ng'o. Kama mtoto kasema uongo, mjibu hapohapo chini, kwa jina lako."

"Wataniona kituko!"

"Tazama miguu yako kwanza, bwana."

Urho akatazama, akaguna, akavivua. Soksi moja ilikuwa imetoboka. Akaketi kwenye kompyuta, akaandika: "Venla kasema kweli."