Sauti Chini ya Wimbo wa Lavinia

Hakuna aliyemwita Keziah sebuleni Jumapili ile. Alijileta mwenyewe kwa ukaidi, akaketi karibu na mlango na uso ameukunja, ili Lavinia ajue kwamba mama wa mke wa kwanza bado yumo humu nyumbani.

Mkwewe Orrin alikuwa anaishughulikia santuri yake, mashine ya pembe inayonasa sauti. Lavinia, mke mpya, alikuwa amemaliza kuiimbia ile pembe wimbo wa kanisani, na sauti yake imebaki kwenye silinda ya nta. Sasa walitaka kuisikiliza.

"Nitasikika kama bata," Lavinia alisema.

"Bata ana nafuu," Keziah akamjibu.

Orrin akazungusha mpini, akateremsha sindano. Wimbo ukatoka na mikwaruzo yake. Kisha nyuma ya wimbo, kwa mbali, mwanamke mwingine akacheka.

"Orrin, inanasa kweli hii? Mama, acha huo unga, njoo useme kitu."

Keziah alikufa ganzi. Ilikuwa sauti ya Adah, mwanawe, waliyemzika theluji ikianguka. Siku Adah aliponasa sauti hiyo, yeye Keziah alikuwa jikoni anakanda mkate, akamjibu kwamba atakuja baadaye, na hakwenda. Baada ya mazishi aliililia nta ile aisikie, Orrin akamwambia imeanguka ikavunjika. Naye akaamini, maskini.

"Uliniambia imevunjika," alisema.

Orrin hakuinua macho. "Sikuweza kuvumilia kuisikia, mama. Juzi nikaikwangua, Lavinia apate pa kuimbia. Nilidhani nimeifuta yote."

Mtu mzima na akili zake, akamkwangua marehemu mkewe kwa kisu kama masizi ya sufuria! Hata sasa mkono wake ulikuwa unaifuata silinda. Lavinia akaupiga ule mkono.

"Usiiguse. Mama, naapa sikujua."

Keziah alijua nta hulika kila sindano inapoipitia, na hiyo iliyobaki ilikuwa nyembamba mno. Akavuta kiti mpaka mbele ya pembe.

"Irudishe mwanzo," alisema.

Orrin akairudisha. Sauti ya Lavinia ikaimba tena, kwa nguvu zote, na chini yake Adah akacheka, safari hii kwa mbali zaidi. Mama, acha huo unga, njoo useme kitu.

Keziah akaiinamia pembe.

"Nimekuja, mwanangu," alisema, na wimbo wa Lavinia ukaendelea juu yao wote wawili.