Mkwe Aliyenibeba Mgongoni

Mguu wangu wa kushoto unaungua tangu mwaka wa kwanza wa vita, na hakuna aliyewahi kuuona huo moto. Unaanzia kiunoni, unateremka pajani, unapita nyuma ya goti na kuishia kwenye kidole kidogo. Mganga wa Griftu alinichoma mara tatu kwa kijiti chenye moto, ili moto umfukuze moto mwenzake. Daktari wa Garissa akasema ni mshipa wa fahamu uliobanwa, akanipa vidonge vyeupe na kunikataza kubeba vitu vizito. Nikamuuliza maji atanichotea nani.

Basi nina ulimi mkali, nakubali. Mtu asiyelala vizuri miaka minne hawezi kuwa na asali mdomoni.

Mwaka wa 1967, vita vya serikali na waasi vikiwa havijaisha, sisi wafugaji tulikusanywa karibu na Balambala, ndani ya kijiji kilichozungushiwa seng'enge. Kila nyumba ilikuwa na namba yake, na kuhamia nyumba nyingine kulitaka kibali. Mimi na mume wangu Abdille tulikaa upande wa mto. Binti yetu Nurto na mumewe Duale walipewa upande wa pili, ng'ambo ya uwanja ambapo askari walituhesabu kila asubuhi. Huko ndiko Nurto alikojifungua mjukuu wangu wa kwanza, na wiki hiyohiyo mguu ukaniangusha kabisa. Hata kwenye kuhesabiwa walikuja kunihesabu mkekani.

Siku sita nililala pale, mjukuu yuko hatua mia tatu na mimi simwoni. Kwetu mzazi na mwanawe hawatoki nje mpaka arubaini iishe, kwa hiyo hakuweza kuletwa. Siku ya saba ndiyo ya kumpa jina. Asubuhi yake dada yangu Osob akaja na maneno ya Nurto: "Jina halitajwi mpaka hooyo, mama yangu, amshike mtoto."

"Mwambie mama yake hawezi kutembea," nikasema. "Huyo mtoto atakaa bila jina mpaka aote meno? Ukaidi huu Nurto kautoa wapi?"

Osob akaninyoshea kidole mimi. Kisha mimi nikalia, maana nilitaka kwenda kuliko nilivyotaka kupona.

Punda wote walikuwa wametoka na wachota maji. Abdille alikuwa na kifua kibovu, na Osob ni mwembamba kama mimi. Akabaki Duale.

Lakini Duale ni mkwe. Kwetu mkwe na mama mkwe hawatazamani usoni wala hawaitani majina. Mwaka mzima tangu aoe, akiniona kwa mbali alijifunika shuka na kuzunguka nyumba nzima ya jirani. Akiwa na neno alisimama nyuma ya ukuta wa mikeka na kumwambia mtu mwingine, hata kama nimekaa palepale.

Siku hiyo sauti yake ilitoka nyuma ya mikeka, ikimwita Abdille baba. "Aabo, mwambie mama kwamba mgongo hauna macho."

Abdille akanigeukia. "Anasema mgongo hauna macho."

"Nimesikia, mimi si kiziwi," nikasema. "Mwambie nakuja."

Osob akatangulia kumwambia Nurto, Abdille akaondoka akimvuta mbuzi wa akika, wa kumchinjia mtoto. Duale akaingia kinyumenyume, akapiga magoti akinipa mgongo. Nilijifunika uso kwa mtandio, nikamshika mabega. Aliponyanyuka mguu uliwaka, nikaing'ata shuka yake.

Alitembea polepole, kila unyayo akiupima. Kabla ya vita alikuwa na ngamia wa mizigo, na hakubaki hata mmoja. Katikati ya njia nikasikia ananguruma wimbo kooni, ule wa kumtuliza ngamia aliyebebeshwa. Alisahau kwamba ngamia alikuwa yeye na mimi ndiye mzigo. Nikaanza kucheka, na kicheko kikautikisa mguu, na mguu ukaniuma, nami sikuacha kucheka.

Uwanjani askari akatusimamisha. Alikuwa kijana wa bara, bunduki begani.

"Umefunika nini hapo? Kuna wanaume wanapita na nguo za wanawake."

"Hii mama ya bibi yangu, afande," Duale akasema. "Gonjwa."

Askari aliniamuru nifunue uso. Nikafunua.

"Haya, mgeukie umwangalie. Ndiye?"

Duale aliinamisha kichwa, akafumba macho. "Mimi habana jua uso yake."

"Unambeba mtu usiyemjua sura? Basi mrudishe alikotoka."

Upande wa pili niliona moshi wa nyumba ya binti yangu. Turudi? Nikafanya jambo ambalo mama yangu angeona haya kulisikia. Nilimshika mkwe wangu kidevu na kumgeuza kichwa.

"Duale," nikamwita kwa jina lake. "Nitazame."

Alifungua macho. Nami nilikuwa nimekunja uso kwa maumivu, sikuwa na sura ya kuonyesha watu. Alinitazama, halafu akatabasamu kijana wa watu, machozi yakamlengalenga.

"Ndiyo yeye, afande. Wallahi, uso hii najua. Toto yangu iko nayo, siku saba mimi natazama hii hii."

Askari akatupisha.

Nurto alinipokea mlangoni akilia, akaniweka mtoto mapajani. Mguu ulikuwa ukiungua vilevile. Kile kitoto kilinitazama kikakunja paji la uso, pua juu, kama mtu anayedai haki yake. Jamani, nilikuwa mimi! Nikambusu pale palipokunjika. Abdille akatamka jina, Bishara, na vigelegele vikazunguka nyumba.

Baadaye sauti ikatoka nyuma ya mikeka. "Nurto, mwambie mama nitamrudisha jua likipoa, na kesho nitamleta tena."

Nurto akafungua kinywa. Nikamzuia kwa mkono.

"Duale, mwanangu," nikasema, "niambie mwenyewe."